Sheria ya Kete Mbili

Jumamosi, 5 Juni 1993. Newala

Michezo minne leo. Walioanza wameshinda miwili, waliofuata wameshinda miwili. Nimeandika yote. Kalamu nyekundu imekwisha wino, nimetumia ya bluu, na sipendi kuchanganya rangi.

Ukungu umekaa mpaka saa nne. Wanaume wamekuja barazani wamejifunga mashuka, wanakohoa. Baraza ni ile ile ya duka la ushirika, ila duka si la ushirika tena. Amelipanga Saidi, anauza redio na mitumba. Ametuachia baraza kwa sababu wacheza bao wananunua sigara kwake.

Leo ndiyo mara ya kwanza kwa sheria mpya. Anayeanza mchezo anampa mwenzake kete mbili kabla hajaligusa bao. Basi. Tangu Februari watu wa Newala na wa Masasi walikuwa wanalalamika kwamba katika ligi yetu anayeanza ndiye anayeshinda. Daftari langu lilisema hivyo hivyo: michezo sitini, walioanza wameshinda arobaini na mmoja. Mwisho wa Mei mkutano ukakaa Masasi kutafuta dawa. Aliyependekeza kete mbili ni mume wangu, Baba Zuhura. Bingwa wa ligi nzima. Na kwa mila yetu bingwa haombi kuanza, anaachiwa, kila mchezo. Sasa huyo huyo anayeanza kila siku anasimama na kusema, nipunguzieni. Watu walipiga makofi. Nilijivuna mpaka nikajionea haya.

Leo kacheza mara moja, kafungwa. Akacheka. Kasema sheria imeshaanza kazi.

Jumanne, 8 Juni

Darasa la saba, wastani. Nusu yao wanajumlisha visivyojumlishika. Nimewaambia: kabla hujajumlisha, jiulize unajumlisha nini na nini. Mbuzi wawili na kuku watatu si mbuzi watano. Wamecheka. Kwenye zoezi wamekosea vile vile.

Mzee Mnali, katibu wa ligi, amepita shuleni. Anataka michezo mingine sitini kwa sheria mpya, kisha nisome ripoti Masasi, mwisho wa Septemba. Mkutano utaamua kama kete mbili zibaki au ziondoke. "Mwalimu, wewe ndiye mizani yetu." Wananiamini kwa sababu moja tu. Nilimnyima Zuhura, mtoto wangu wa kumzaa, alama moja ya mtihani wa darasa la nne, akalia siku mbili. Mji mzima haujasahau. Zuhura naye hajasahau. Ameolewa Makote, ana watoto wawili, na bado ananikumbusha.

Jumamosi, 19 Juni. Masasi

Tumeshuka na lori asubuhi. Jumamosi nyingine Newala, nyingine Masasi, ndiyo ratiba. Huku tunachezea kibarazani kwa fundi baiskeli, katikati ya spoku na tairi.

Erasto alishafika kutoka Lulindi, na baiskeli yake na kofia yake ya kanisani. Mmakua, mtani wa mume wangu. Alipotuona tu: "Mmakonde, umekuja mwenyewe? Nilidhani watakuleta kwenye jeneza. Sanda nimeshakununulia, nimekupimia kwa macho." Baba Zuhura kamjibu kwamba mtu anayekula panya asiguse sanda ya Mwislamu. Wakaendelea hivyo hivyo. Miaka ishirini hawa wawili hawajasemezana neno moja la heshima, na msiba ukitokea kwa mmoja, wa kwanza kufika ni mwenzake.

Kacheza na Erasto, kafungwa. Erasto akacheza ngoma kuzunguka pampu ya baiskeli, akadai kuku wa matanga. Nimecheka mpaka nikasahau kuandika nani aliyeanza. Kisha nikakumbuka: kaanza mume wangu. Ndiye anayeanza siku zote.

Alhamisi, 1 Julai

Nimekasirika. Baba Zuhura kaenda shambani kupulizia mikorosho dawa ya ukungu, karudi na mfuko wa salfa mtupu. Saa kumi jirani yetu wa shamba, Mama Hadija, kaja kushukuru. Safu tano za mikorosho yake zimepuliziwa. Yetu haijaguswa.

Nimemgombeza. Tangu kiwanda cha korosho kifungwe na yeye kupunguzwa kazi, salfa tunaipata kwa kuhangaika. Kasema jirani ni ndugu. Nikamwambia undugu hauzuii ukungu kwenye maua. Akaenda kunawa mikono, akanawa muda mrefu sana.

Jumamosi, 10 Julai. Newala

Miwili kwa miwili tena. Baba Zuhura michezo miwili, kashinda mmoja, kafungwa mmoja. Aliyemfunga ni Saidi, ambaye mwaka jana hakuthubutu hata kukaa mbele yake.

Saidi kasimama mlangoni kwake, mikono kiunoni, kasema kwa sauti watu wote wasikie. "Kumbe mzee alikuwa anabebwa na kuanza! Siku hizi soko huria, wazee wangu. Hakuna kubebana."

Wamecheka. Hata watu waliokula ugali nyumbani kwangu wamecheka. Miaka kumi na minne ya ubingwa, mtu anaifuta kwa sentensi moja, na nyuma yake redio inapiga muziki. Kilichoniuma zaidi ni mume wangu mwenyewe. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Kweli, anasema, kweli kabisa, kuanza kulinisaidia sana.

Nimemchukia kidogo leo. Naandika kwa sababu ndivyo ilivyo.

Jumapili, 25 Julai

Nusu ya hesabu imepita. Michezo thelathini na miwili, walioanza wameshinda kumi na saba. Nusu kwa nusu, karibu. Mzee Mnali jana karibu anikumbatie. Sheria imefanikiwa, anasema, tumetenda haki.

Leo sikwenda kokote. Nilitaka kumtetea mume wangu, basi. Nilitaka kumwonyesha Saidi kwamba bingwa ni bingwa. Nikachukua daftari la Februari mpaka Mei, nikafanya kile ninachowaambia watoto: mbuzi huku, kuku huku. Nikatoa michezo yote ya Baba Zuhura, nikaiweka peke yake.

Ya kwake ishirini. Yote kaanza yeye, kwa mila. Kashinda kumi na tisa.

Ya wengine arobaini. Hao huanza kwa bahati, kwa kubahatisha kete iko mkono gani. Walioanza wameshinda ishirini na wawili. Ni kama kurusha sarafu, huku au huku.

Niliruka kutoka kwenye mkeka. Kuanza hakujawahi kumbeba mtu! Tulimwachia mcheza bora nafasi ya kuanza miaka yote, halafu tukashangaa kwamba anayeanza anashinda. Watu wazima wa wilaya mbili. Na mimi mwalimu wa hisabati, nimelishika daftari mwenyewe, sikuona. Nilishavaa kanga nikamtafute Saidi dukani kwake.

Nikarudi kumalizia. Michezo mipya. Wengine ishirini na mmoja, walioanza wameshinda kumi na mmoja. Vile vile kama zamani. Kete mbili hazijawagusa hata kidogo. Baba Zuhura kumi na mmoja, kashinda sita.

Nimevua kanga. Sheria moja, wachezaji wote, na imemwangusha mtu mmoja tu. Sheria haimchagui mtu.

Jumatatu, 26 Julai

Hapana. Huenda kete mbili zinamvurugia yeye mchezo wake kuliko wengine. Kila mcheza ana mchezo wake. Usikimbilie jibu, ndivyo ninavyofundisha. Jaribu.

Baada ya swala ya alasiri nimemwambia tucheze, sheria ya zamani, bila kutoa kete. Tangu anioe nimemfunga mara mbili, na mara moja alikuwa na homa.

Leo nimemfunga.

Jumatano, 28 Julai

Michezo mitatu, sheria ya zamani, kaanza yeye yote. Nimeshinda miwili. Sijawahi kuuchukia ushindi hivi.

Katika ule wa tatu alikuwa anatia kete shimo kwa shimo, akasimama. Mkono hewani, kete nne kiganjani. Akanitazama.

"Nilikuwa naelekea wapi?"

Nikamwonyesha kushoto. Akasema ahsante, akaendelea. Mume wangu hajawahi kuniambia ahsante kwenye bao. Huyu ni mtu aliyekuwa anajua kila shimo lina kete ngapi bila kutazama, anapiga hadithi na watu huku anakula kete za nyumba ya mwenzake, lile shimo kuu. Nikakumbuka safu tano za Mama Hadija.

Macho. Lazima ni macho. Miaka thelathini kwenye moshi wa kiwanda, macho yatabaki mazima? Nitampeleka hospitali ya Ndanda.

Jumatatu, 9 Agosti

Ndanda. Nimeomba ruhusa shuleni. Njia nzima nimeomba Mungu yawe macho. Mtoto wa jicho. Chochote kinachokatika kwa kisu.

Kasoma herufi zote ukutani mpaka mstari wa chini, zile ambazo mimi sikuziona. Daktari kasema macho yake ni mazuri kuliko ya watu wa umri wake. Nilitaka kumpiga daktari.

Nikamweleza habari ya mkono hewani. Akamkalisha tena. Akamtajia vitu vitatu avishike: jembe, kikapu, mbuzi. Wakaongea mambo mengine, korosho, mvua, watoto. Baada ya dakika tano akamuuliza vile vitu. Baba Zuhura kasema jembe. Akafikiri. Kasema jembe tena, akacheka, kasema mimi ni mkulima bwana, vitu vingine vya nini.

Daktari aliniita pembeni. Atapotea polepole. Dawa hakuna. Kanisemesha kwa upole na mimi pia, kama vile mimi ndiye mgonjwa. Nimelia pale nje kwenye benchi, mbele ya watu wenye makaratasi yao mkononi, na hakuna aliyeshangaa.

Njiani Baba Zuhura kauliza daktari kasemaje. Nimesema macho yako ni mazima.

"Nilijua," kasema.

Jumamosi, 21 Agosti. Masasi

Kacheza na Erasto. Katikati Baba Zuhura kaanza kutia kete upande sio, akarudi, akaanza tena. Fundi baiskeli kaguna. Erasto alimtazama mkono, kisha usoni. Akaucheza mchezo mpaka mwisho, polepole, kama anayemsubiri mtu mlangoni. Akashinda.

Watu wakajipanga kungoja matusi. Siku nyingine angesema tumekuzika, umetoka tu kaburini kuja kupumua. Leo kaokota kete zote mwenyewe, akazitia mfukoni, akamfungia mwenzake kamba ya mfuko.

"Pole na safari, kaka."

Kaka. Watu walitazamana. Baba Zuhura kamtupia tusi, tusi zuri kabisa, Erasto kaitika kwa kutikisa kichwa tu.  Daktari niliweza kumbishia moyoni. Mtani akiacha kutania, nimbishie kwa lipi?

Tulipokuwa tunangoja lori kanijia pembeni.

"Shemeji, tangu lini?"

"Lini nini?"

"Basi," kasema. Akaniletea kigoda nikae.

Jumamosi, 11 Septemba. Newala

Sitini imetimia.

Kwa ujumla: zamani walioanza walishinda arobaini na mmoja, sasa thelathini na mmoja. Ukisoma hapo tu, sheria ni dawa.

Ukigawanya: wengine zamani ishirini na wawili katika arobaini, sasa ishirini na watatu. Sheria haijafanya kitu, na kabla yake hakukuwa na ugonjwa. Baba Zuhura zamani kumi na tisa katika ishirini. Sasa wanane.

Nimeandika ripoti mbili. Ya kwanza ina mistari miwili, zamani na sasa. Ya pili imegawanywa. Ya pili ndiyo kweli. Ikisomwa, jina lake linasafishwa mbele ya wilaya mbili: hakubebwa na kitu, alikuwa bora kuliko sisi sote. Na mtu wa kwanza atakayenyoosha mkono atauliza, kama si sheria, kimemwangusha nini? Nitajibu nini?

Nisipogawanya, siri inabaki kwangu, na Saidi anabaki na sentensi yake.

Jumanne, 14 Septemba

Leo kaniambia mwenyewe.

Nilikuwa nachambua mbaazi uani, yeye kakaa kwenye kizingiti. Akaiona ile ripoti ya pili chini ya ungo. Macho yake ni mazima, kaisoma kwa mbali. Kasoma yote. Sikuinyang'anya.

"Umepiga hesabu vizuri, Mama Zuhura," kasema. "Ila umechelewa."

Kasema ameanza kupotea tangu mfungo. Siku moja katikati ya mchezo hakujua nyumba ni yake au ya mwenzake. Akashinda. Akapotea tena, akashinda tena. "Walikuwa wanaogopa jina. Mimi natia kete ovyo, wao wanatetemeka, wanadhani ni mtego. Jina ndilo lilikuwa linacheza." Akajua hawatatetemeka siku zote. Basi watu walipoanza kunung'unika kwamba anayeanza anashinda, akaona mlango: akifungwa, watasema ni sheria. Ndiyo maana alisimama pale Masasi. Ndiyo maana kete mbili.

Nilikuwa nimeshika konzi ya mbaazi. Nilikumbuka makofi yale, na kujivuna kwangu.

Nikamwambia wanakutukana. Wanasema ulibebwa. Nina karatasi hapa inayowafunga mdomo wote.

"Wacha waseme nilibebwa," kasema. "Wakisema hivyo watanicheka, na watataka kunifunga, kila mtu anataka kumfunga bingwa wa zamani. Watakaa mbele yangu. Ukiwaambia nimeharibika kichwa watanihurumia. Na hapo, nani atacheza na mimi? Watanipa kikombe cha chai na kiti cha pembeni."

Kisha kauliza kama mbaazi hizi ni zetu au za Mama Hadija. Sijui kama alikuwa anatania.

Alhamisi, 23 Septemba

Nimefundisha vibaya leo. Nimempa mtoto alama ya jibu lenye kosa, nikairudia, nikaikata. Alinitazama kwa woga.

Maisha yangu yote nimesema hesabu haina huruma na ndiyo uzuri wake. Nilimwambia Zuhura maneno hayo akiwa na miaka kumi, machozi yanamtiririka. Nataka kwenda Makote kumwomba radhi. Sijui hata nitaanzaje.

Jumamosi, 25 Septemba. Masasi

Nimesimama mbele yao, wanaume arobaini hivi, nikasoma mistari miwili. Zamani arobaini na mmoja katika sitini. Sasa thelathini na mmoja katika sitini. Kila tarakimu ni ya kweli. Sikuongeza, sikupunguza. Nimeacha kugawanya tu. Nimekaa.

Makofi. Mzee Mnali kasema sheria ya kete mbili ibaki daima. Hakuna aliyepinga. Wachezaji wa wilaya mbili watakuwa wanapeana kete mbili miaka na miaka, bure kabisa, na aliyewaruhusu ni mimi, mizani yao.

Saidi hakuweza kukaa kimya. Kasema basi sasa tuandike kwenye kumbukumbu, ubingwa ule wa zamani ulikuwa wa kuanza. Vicheko. Baba Zuhura naye kacheka. Nilikuwa na ripoti ya pili kwenye mkoba. Mkono wangu ulishaingia humo.

Erasto akasimama. Kavua kofia.

"Mimi nina neno. Kabla ya ligi hii, huyu mtu alikuwa anakuja kwangu Lulindi. Kwangu, kibarazani kwangu. Naanza mimi, mwenye nyumba. Kila siku naanza mimi. Miaka sita. Nilimfunga mara nne, nazikumbuka zote, na mara mojawapo alikuwa anaumwa jino. Msiniambie habari za kuanza. Sijamwona mcheza kama huyu, na hamtamwona."

Akavaa kofia, akakaa. Hakusema zaidi ya hapo. Hakusema kwa nini leo anafungwa, na jinsi alivyosema hakuna aliyethubutu kuuliza. Saidi katazama viatu vyake. Nimetoa mkono mkobani mtupu.

Namshukuru Erasto na siwezi kumsamehe. Wengine walisikia sifa. Mimi nilisikia kitu kingine, na nilipomtazama mume wangu niliona kwamba yeye pia kasikia.

Lori lilianza kupanda mlima wa Newala. Hapo akaniinamia.

"Umemsikia yule Mmakua? Kanisifu. Mbele za watu, kavua na kofia." Akatazama bondeni. "Mtani wako hakusifu ukiwa hai, Mama Zuhura."

Nimeshika mkono wake mpaka Newala. Hatujawahi kushikana mikono mbele za watu.

Jumapili, 10 Oktoba. Newala

Korosho zimeanza kudondoka. Mji mzima unanuka mabibo. Wanunuzi wapya wameshaonekana na magari yao.

Zuhura yuko hapa tangu juzi. Nimemwambia habari ya baba yake, na habari ya alama moja. Alilia kwa ya kwanza. Kwa ya pili akasema mama, mimi nilikosea lile swali. Akaenda kuteka maji.

Jana Saidi alipiga kelele toka barazani, mzee njoo nikufunge. Baba Zuhura kaenda, kafungwa mara mbili. Wamemcheka, kawacheka. Karudi na njaa, kala ugali na kisamvu, kaomba tena. Daftari la ligi nimemkabidhi Mzee Mnali. Nimesema macho yangu yamechoka, wamtafute mwandishi mwingine. Ripoti ya pili niliwashia jiko.

Leo dereva wa lori kaleta salamu za Erasto, kwa mdomo, na kaambiwa asipunguze neno. Kwamba ile sanda imeliwa na panya kwa sababu mwenyewe anakawia kufa. Kwamba awahi Masasi Jumamosi, akiweza kutembea, na kama hawezi wamlete kwenye tenga la kuku. Baba Zuhura alimfanya dereva arudie mara tatu. Kacheka mpaka kashika mlango. Kutwa nzima alikuwa akitunga majibu, anayasahau, anatunga mengine.

Baada ya alasiri nimetandika mkeka. Kauliza nani anaanza. Nikamwambia, bingwa. Kaanza. Hatukutoa kete mbili. Zuhura alikuwa jikoni anakaanga korosho, moshi unatujia.

Katikati ya mchezo mkono umesimama hewani. Nimengoja, kisha nikamwonyesha kushoto. Ametia kete, shimo kwa shimo, mpaka zikaisha.